Ukoga wa Shaba

Kasyoka amekufa akiona. Ndivyo alivyoniambia binti yake kwenye simu mwezi uliopita, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na sasa ana kazi ya kupasha watu habari. Alisema asubuhi ya siku ile mamake aliketi kizingitini na ungo mapajani, akachagua mchele wa nyumba nzima, chuya huku na vijiwe kule, akakataa kusaidiwa. Alasiri akajinyoosha kitandani na hakuamka tena. "Mama alikuwa anakutaja sana," binti akasema. "Alisema wewe ndiwe ulimpatia jicho lake." Nikamwambia si mimi, mwanangu, Mungu ndiye mpaji. Lakini nilipoweka simu nilikaa barazani kwangu hapa Likoni mpaka chai ikafanya utando, na kilichonijia mwanzo haikuwa sura ya Kasyoka wala sauti yake. Ilikuwa harufu ya amonia, kali, ya kupanda puani na kuteremsha machozi, harufu ya mwaka mmoja wa ujana wangu.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya themanini. Tulikuwa askari wa gereza dogo la wanawake upande wa Mtongwe, gereza ambalo siku hizi halipo, na makazi yetu yalikuwa safu mbili za vyumba vya mawe na mabati nyuma ya ukuta. Chumba changu na Kasyoka kilikuwa cha mwisho, dirisha lake likitazama hori, yale maji yaliyoingia na kutoka bila haraka kati ya mikoko. Alasiri mwanga ulipiga majini ukarudi juu, ukaingia dirishani na kutambaa kwenye mabati ya dari kama kitu chenye uhai, nasi tulilala chali vitandani, viatu tumevua, tukiutazama. Hata leo nikikikumbuka chumba kile naona kwanza mwanga wa darini, kisha vitanda viwili vya chuma, kisha jiko la mafuta ya taa, kisha kijaluba changu cha udi, ambao Kasyoka alisema wanukia kama kanisa. Mengine yamekwenda. Siwezi kusema mlango ulikuwa wa rangi gani, ingawa kila siku nilimwona akijigonga bega la kulia kwenye mwimo wake, akacheka, nami nikamcheka.

Yeye alikuwa mtu wa Kitui, mimi wa papa hapa Likoni, na tulikutania jikoni. Siku moja nilipika mimi, mbaazi za nazi au samaki wa kupaka, na siku ya pili akapika yeye muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharage, chakula kilichochemka tangu adhuhuri na kutulaza mapema. "Nyinyi watu wa huku," aliniambia, "mtu akiwapatia jiwe, mtaliweka nazi." Nikamjibu, "Na nyinyi mtalichemsha mpaka liombe maji." Tulikula sinia moja. Mara nyingine mkono wake uligonga bakuli la mchuzi lililokuwa ubavuni pake, likamwagika lote, nasi tukasema ni haraka za watu wa bara. Ujana una wepesi huo. Jambo likikupita mbele ya macho kila siku, mwishowe unalipa jina la mzaha, na mzaha unalificha vizuri kuliko giza.

Kazi yangu ilikuwa kutunza ghala ya silaha, chumba chenye bunduki chache za zamani, zile za kuvuta komeo na kufyatua risasi moja moja, zilizofungwa mnyororo ukutani. Kasyoka alikuwa mlenga shabaha wetu. Alikuwa na bunduki yake, aliyoizoea kama mwanamke anavyouzoea mchi wake, na kwa bunduki ile kituo chetu kidogo kilikuwa kimejulikana katika mashindano ya askari wa kike. Watu walipenda kusema Mkamba huzaliwa na upinde mkononi. Ilimuudhi. "Baba yangu ni karani," alisema. "Mimi nilijifunza hapa, kwa tumbo, kwa hii mawe yenu." Mawe hayo yalikuwa ya timbo, shimo la zamani walimokata matofali ya kujengea, kuta zake nyeupe kwa chokaa, juani zikakufumbisha macho. Tulipandisha bendera nyekundu ili wanaochimba chambo mikokoni wasikaribie, tukalala kifudifudi juu ya turubai, na mlio wa risasi ulizunguka kuta zile ukarudi kwetu ukiwa umechoka.

Mwaka huo risasi za Kasyoka zilianza kutawanyika. Mwanzo moja ilitoka nje ya duara, akasema ni upepo. Kisha tatu. Kisha bao la shabaha likawa kama limemwagiwa kunde. Alibadilisha namna ya kupumua, akabadilisha namna ya kulaza shavu, akaacha chai ya asubuhi ili mkono usitetemeke. Hakuna kilichofaa. Mkufunzi wetu, Sajini Tabu, mama wa Kitaita mrefu mwenye gwanda lililotiwa wanga likasimama lenyewe, hakumpigia kelele. Hakupata kumpigia mtu kelele. Alikuwa akitazama tu kwa darubini, akaandika, akafunga kalamu. Ghala yangu na ofisi yake zilitenganishwa na ubao mwembamba, na siku moja, nikipanga mafuta na vitambaa, nilisikia sauti ya mkuu wa gereza ikiuliza, "Kwa hivyo tumwondoe?" Sajini akajibu. "Nipe mpaka karibu na mashindano, Madam. Akishindwa, kile kituo cha kaskazini bado chataka mtu." Nilisimama na chupa ya mafuta mkononi. Wenzetu wote walihamishwa kila baada ya muda. Kasyoka alikuwa amebaki kwetu kwa sababu ya shabaha tu.

Nilimwambia palepale alipokuwa akifua. Akamaliza kukamua shati. "Siti," akasema, ndivyo alivyofupisha jina langu la Mwanasiti, "mimi sijabadilika. Ile bunduki iko na kitu." Kesho yake nikaifungua, nikatoa komeo, nikauelekeza mtutu dirishani na kuchungulia kutokea nyuma. Ndani ya mtutu wa bunduki kuna mifereji inayozunguka mpaka mwisho. Ndiyo inayoizungusha risasi ili iende sawa. Nilikuwa nimezoea kuona chuma cheusi. Safari hii mwanga uliingia kwa pembe nyingine, na kandokando ya mifereji ile nikaona mistari myekundu yenye kung'aa, rangi ya sufuria ya mpishi wa halua. Nikaita.

Sajini Tabu alichungulia kwa muda mrefu. "Huo ni ukoga," akasema. "Risasi ina ganda la shaba. Kila ipitapo huacha kidogo, sawa na chai inavyoacha ukoga menoni. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Bunduki hii ina umri mkubwa kuliko mama yako."

"Ukoga watoka, Afande?" nikauliza.

"Watoka, kwa amonia na subira. Amonia nitawatafutia." Akamgeukia Kasyoka. "Subira ni yenu. Na mkimaliza, Kasyoka, usije kuniambia tena ni bunduki."

Tulifanya kazi ile kwenye kibaraza cha ghala baada ya saa za kazi, bunduki imelazwa juu ya godoro kuukuu mezani, mimi nimejifunga leso puani, yeye amejifunga taulo. Kwanza tulitoa masizi ya baruti kwa mafuta, vitambaa vikitoka vyeusi kama chini ya sufuria. Kisha tukaziba mtutu kwa kizibo cha mbao upande mmoja, tukamimina amonia upande wa pili polepole, tukaisimamisha bunduki pembeni na kukaa mbali nayo. Haikutakiwa kuachwa muda mrefu, maana dawa inayokula shaba ikisahauliwa huanza kukitamani na chuma. Tulipoimwaga kwenye bakuli jeupe la bati, ilikuwa imegeuka buluu. Sijui niseme vipi ile buluu. Haikuwa ya bahari wala ya mbingu. Ilikuwa buluu ya dobi, ile anayotia kwenye maji ya mwisho ili kanzu zing'are, safi, nzito, na ilitoka ndani ya kitu cheusi kilichotengenezwa kwa ajili ya kuua. Tuliitazama wote wawili. Macho yalikuwa yanatutoka machozi kwa harufu, na tuliyafuta tukicheka, na vitambaa vya buluu tukavianika kwenye kamba. Mama Zena, aliyekaanga mahamri nje ya lango letu, alivitazama kwa siku kadhaa kabla hajashindwa kuvumilia. "Wanangu, mwatia rangi leso? Maana kama ni leso, nami nataka." Nikamwambia, "La, mama, twaosha bunduki." Akageuza andazi lake. "Haya. Kila mtu na uchafu wake."

Jioni za Jumapili tulivuka kwa feri kwenda kisiwani kutembea, na tukarudi taa zikiwa zimewashwa. Kasyoka alipenda kusimama mbele, kwenye vyuma, akitazama taa za ng'ambo. "Leo tena ziko na pete," alisema. Pete gani? "Si unaona? Kila taa iko na pete yake. Nyekundu, kijani, kama upinde wa mvua. Kwani huoni?" Nilikodoa macho nikaona taa. Nilimwonea wivu. Mimi nimezaliwa kando ya kivuko kile, nimekivuka mgongoni mwa mamangu, na sikupata kuona taa zikivaa pete. Nikadhani labda ni wageni peke yao wanaoonyeshwa uzuri huo, sisi wenyeji tumeuzoea mpaka tukaupoteza. Mara nyingine alisema kichwa chamuuma upande mmoja, juu ya nyusi. Tukaisingizia amonia.

Ile buluu haikuisha. Kila siku tulisugua, tukaloweka, tukafuta, na kila siku ikatoka vilevile, mpaka mimi nikakata tamaa nikasema bunduki hii ni shaba tupu. Sajini Tabu akapita, akasimama, akaokota brashi yetu. "Hii ni ya nini?" Ya shaba, Afande. Akaniangalia kwa yale macho yake makavu. "Basi mwaosha brashi." Hata leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Akatuletea nyingine, ya manyoya magumu, na nilipouliza ni manyoya ya nini, Kasyoka aliinusa akaanza kucheka mpaka akaketi chini. "Siti, weka hiyo chini. Hiyo ni nguruwe." Nikarusha mikono juu. Tangu siku ile yeye alishika brashi, mimi nikashika vitambaa, na kila alipomaliza aliniuliza kama nahitaji kuoga mara saba.

Ndivyo zilivyokwenda alasiri zile, na kama mtu angeniuliza ni wakati gani nilikuwa na furaha isiyo na sababu, ningemwonyesha kibaraza kile, upepo wa hori, na mwenzangu amejiinamia akisukuma ufito ndani ya mtutu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akiimba wimbo wa kanisani chini kwa chini. Buluu ikafifia. Ikawa ya anga ya asubuhi, kisha ya maziwa yaliyotiwa maji, na siku moja kitambaa kikatoka cheupe. Tukaingiza kingine, cheupe. Tukamimina maji yaliyochemka, tukakausha, tukapaka mafuta. Nilichungulia nikaona mifereji yote, ya kijivu, inazunguka taratibu mpaka kwenye duara dogo la mwanga. Nikampa naye achungulie. Aliweka jicho lake la kulia, kisha akaliondoa akaweka la kushoto. "Iko safi," akasema. Nilikiona kile kitendo cha kubadilisha jicho. Nilikiona kabisa, na hakikuniambia kitu.

Timboni, asubuhi yake, Sajini Tabu alilala yeye kwanza. Alifyatua za kupasha mtutu moto, kisha akapiga kundi moja la risasi, na kijana wa mabao aliposhusha karatasi na kutuletea, matundu yote yangefunikwa kwa kiganja cha mtoto. Sajini akainuka, akampisha Kasyoka. Kasyoka alilala kama alivyolala siku zote, shavu kwenye mti wa bunduki, bega limetulia. Akapiga. Karatasi ilipokuja ilikuwa na matundu mawili pembeni kabisa, na mengine hayakuwako. Nasikia bado jinsi timbo lilivyokuwa kimya, na juu yetu ile bendera ikijipiga kwenye mlingoti wake. Nilitamani nipate jambo lolote la kulaumu, risasi, jua, turubai, nami nikajua tumeyaosha yote kwa mikono yetu. Kasyoka alibaki pale chini, uso kwenye mkono. Kisha akajiinua taratibu akaketi. "Afande," akasema, "bunduki haina makosa. Ni mimi. Ile ncha ya mbele ya kulengea inaingia moshi. Imeingia moshi siku nyingi."

Sajini alipiga magoti mbele yake kwenye lile vumbi jeupe, na gwanda lake lile. "Funga jicho la kushoto. Nitazame puani." Akanyoosha mkono pembeni, vidole viwili. "Vingapi?" Kasyoka akauliza vidole viko wapi. Akavisogeza mbele kidogo. "Sasa?" Bado. Akavisogeza mpaka karibu kabisa na pua yake. Nilifikiri mlango, bakuli, mchuzi kwenye sakafu, kicheko changu.

Daktari wa macho kisiwani alituambia ni presha ya jicho. Maji ya ndani hayapati njia ya kutoka, yanasukuma, yanaua mshipa wa kuonea kidogo kidogo kutoka pembeni kuja katikati, na mwenyewe hajui. Zile pete za taa zilikuwa dalili yake. Jicho la kulia lilikuwa limekwenda. La kushoto lilikuwa limeanza, lakini lingeweza kuokolewa kwa dawa ya matone na upasuaji, alimradi asichelewe. Nikamwuliza, "Daktari, si amonia? Mimi ndiye niliyechungulia mtutu. Kazi ile niliianza mimi." Akatikisa kichwa. "Amonia iliwatoa machozi tu, dada. Ugonjwa huu ulianza kabla." Kasyoka alimshukuru, akachukua karatasi yake, na tulipokuwa kwenye feri alisimama mahali pake pa siku zote. Hakulia. Alisema, akitazama maji, "Bunduki ingebaki chafu, mimi ningesema ni bunduki, ni bunduki, mpaka nikuwe kipofu." Nilimshika mkono wa upande wake wa kulia, nikaanza siku ile kutembea upande huo, na sikuacha kwa miaka yote tuliyokaa pamoja.

Alipasuliwa, akarudi chumbani na kitambaa usoni, nami nikampikia muthokoi, mbovu, akala bila kulalamika. Mwanga wa hori uliendelea kutambaa darini. Alinitaka nimsimulie ulipofika, nami nikamsimulia, sasa uko kwenye msumari, sasa umefika pembeni. Kitambaa kilipoondolewa na jicho la kushoto likawa linaona, kitu cha kwanza alichokifanya ni kwenda ofisini kwa Sajini Tabu. Nilisikia yote kupitia ule ubao. "Afande, Siti apige." Sajini akasema Mwanasiti ni mtu wa ghala. "Yeye anajua hiyo bunduki ndani. Na mimi nitalala kando yake na darubini. Niko na jicho moja. Darubini inataka moja." Kisha nikasikia kitu ambacho sikukisikia kabla wala baada: Sajini Tabu akicheka. Habari za kaskazini hazikutajwa tena. Kasyoka alipewa kazi katika karakana ya ushonaji, akafundisha wafungwa kushona sare, na jioni akanifundisha mimi kulala kifudifudi.

Siku ya mashindano zilikuja timu kutoka pande nyingi, na mabasi yao yakajaza njia ya Mtongwe. Sikuwa na kipaji. Nasema hivyo bila unyenyekevu wa uongo. Mikono yangu ilikuwa mikono ya vitambaa na mafuta. Lakini nilipolala kwenye turubai, mti wa bunduki shavuni, nilisikia pumzi ya Kasyoka karibu na sikio langu, na ulimwengu ukapungua ukawa sauti yake. Yeye aliona mvuke wa joto ukipita mbele ya mabao na kujua upepo unataka nini. "Ngoja. Inapita. Ngoja, Siti. Sasa." Nikabana. "Ndani. Kushoto kidogo. Usiguse kitu, ni upepo. Ngoja." Watu wa pembeni yetu walipiga wakamaliza, nasi bado tulikuwa tunangoja, na mwanamke mmoja wa timu ya Nairobi akasema kwa sauti, hawa wa Pwani wanalala kweli. Kasyoka hakugeuka. "Sasa," akasema.

Tukawa wa pili. Nairobi walitushinda kwa kidogo, na haki yao. Afisa mgeni alisimama mezani chini ya hema, akaita jina la mpigaji wa pili, langu peke yake, maana karatasi ina nafasi ya jina moja. Sikuinuka. Nilimvuta Kasyoka mkono, nikamwambia inuka, twende sote, siendi bila wewe, wallahi siendi. Alikuwa bado ameketi kwenye turubai, viwiko vyeupe kwa chokaa ya timbo, darubini mapajani. Akautoa mkono wake mkononi mwangu, akanisukuma mgongoni.

"Enda," akaniambia. "Mimi naona vizuri kutoka hapa."